Guangzhou mara ya pili: safari hii nataka kula, sio kubeba biskuti

MamaMapazia

Habari zenu wadau, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi nauza mapazia Kariakoo, jirani na mtaa wa Kongo. Mwaka jana nilikwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo kwa mara ya kwanza, akina mama sita na kijana mmoja wa kutuongoza, kila mtu kamlipa chake. Kijana kwenye masoko ni hodari, simsemi vibaya, ila kwenye chakula alituacha kwenye mataa. Kila tukimuuliza tunakula wapi, anatupeleka mgahawa mmoja wa ghorofani kule Xiaobei: ugali, mchicha, kipande cha samaki, kwa bei ambayo Dar ningelisha nyumba nzima siku mbili. Siku akiwa na wateja wengine tunajifungia chumbani na biskuti, mayai ya kuchemsha na tambi za kikopo. Siku nane hizo. Narudi nyumbani gauni linanipwaya, mume wangu ananiuliza niliugua nini na kwa nini sikumwambia.

Siku moja tu nilijaribu peke yangu. Karibu na soko la vitambaa la Zhongda nikaona mgahawa umejaa, nikasema watu hawawezi kukosea wote. Kaja binti, kaweka birika la chai na seti ya vyombo iliyofungwa kwenye nailoni: kibakuli, kikombe, kijiko. Nami na kiu yangu, nikamimina chai kwenye kibakuli nikanywa yote. Meza ya jirani wakatazamana. Nilipokuja kuangalia wateja wengine wanafanyaje, kumbe ile chai ya kwanza ni ya kuoshea vyombo, unavisuuza kisha unaimwaga. Mimi nimeshaimaliza, tena nimejipangusa mdomo.

Basi nikaielekezea menyu simu initafsirie. Ikaniandikia "sisimizi wanapanda mti". Mstari wa chini, "mapafu ya mume na mke". Nikazima simu, nikalipia chai yangu, nikaenda zangu.

Oktoba narudi, peke yangu, siku kumi. Mimi ni Muislamu, nguruwe sili. Nina vidonda vya tumbo, pilipili kali ni kitanda. Ugali nimezaliwa nao, sioni sababu ya kuufuata kwa ndege. Nataka kula wanachokula wenye mji wao. Naanzia wapi?

KontenaMoja

Dada, umeenda kutafuta mzigo au kutafuta mapishi? Mwaka wa tisa huu naenda China na sijawahi kula kitu nisichokijua jina. Beba unga kilo mbili, dagaa wa kukaanga, pilipili ya chupa na jiko dogo la umeme. Saa mbili usiku umeshiba, umelala, kesho sokoni. Matumbo yakivurugika siku ya pili, ni nani atakuhesabia mizigo?

Binti_Ilala

@KontenaMoja jiko la umeme hotelini? Shangazi yangu alisongea ugali chumbani, kengele ya moto ikalia, ghorofa nzima ikashuka ngazi na taulo. Mwiko bado anao mkononi.

Mwanagenzi_GZ

Mama Mapazia, pole kwa biskuti. Niliishi Guangzhou miaka minne, mchana nasoma, jioni napakia mizigo ya watu, na mimi ni Muislamu mwenzio, mtu wa Tanga. Nisikilize taratibu.

Kwanza tarehe. Usitue kabla ya tarehe 8. Kuanzia Oktoba 1 hadi 7 ni sikukuu yao ya taifa, maduka mengi ya jumla yamefungwa na wenyewe wako vijijini. Halafu tarehe 15 yanaanza maonyesho ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou) kule Pazhou, yale ya tangu 1957, na vyumba vinapanda bei mji mzima. Siku zako kumi hazienei zote hapo katikati, ila nyingi zipenyeze humo.

Sasa tumbo. Kabla sijakutajia mgahawa wowote, jifunze kuyatambua kwa macho maandishi haya mawili: 清真. Yanasomwa qingzhen, ndiyo "halali" yao. Yaweke mbele kabisa kwenye simu. Mara nyingi utayakuta kwenye kibao cha kijani, na ndani wanaume wamevaa kofia nyeupe kama za kwetu, wanawake wamejitanda. Hao ni Wahui, Waislamu wa Kichina, wengi wametoka Qinghai na Gansu, kaskazini-magharibi huko. Wametapakaa nchi nzima kwa biashara moja, tambi za kuvuta kwa mkono, lamian. Kibaoni wanaandika Lanzhou, mji mkuu wa Gansu, hata kama mwenye duka si mtu wa Lanzhou, kama vile kwetu kila muuza urojo ni "wa Zanzibar".

Kaa meza inayotazama jikoni. Kijana atachukua donge la unga, alivute mpaka mikono inyooke, alikunje, avute tena. Kila mkunjo nyuzi zinakuwa mara mbili: mbili, nne, nane. Mkunjo wa saba ana nyuzi 128 mkononi na hakuna hata moja iliyokatika. Anazibamiza mezani, unga unaruka, anazitumbukiza kwenye sufuria, na wewe hujamaliza kupangusa kijiko. Utaulizwa unene: xi ni nyembamba, kuan ni pana. Supu ni ya mifupa ya ng'ombe, inatakiwa iwe angavu mpaka uone chini ya bakuli. Ndani kuna figili nyeupe, majani ya giligilani, na nyama waliyoikata nyembamba kiasi kwamba ukiinyanyua unaona dirisha upande wa pili. Hapo ni wabahili, sikufichi. Sema jia rou wakuongeze, utalipia kidogo. Juu kabisa wanamwaga mafuta mekundu ya pilipili, na huo ndio ugomvi wako wewe. Sema bu yao la, "sitaki pilipili", mapema, kabla bakuli halijajazwa. Ukisubiri lifike mezani umechelewa.

Bakuli hilo ni kama yuani 15 mpaka 20. Kwa yuani moja ya shilingi 350 na ushee, piga mwenyewe.

Ukizichoka tambi, picha ziko ukutani. Kuna mayai ya kuvuruga na nyanya juu ya wali, chakula cha mtoto wa shule, lakini tumbo lako litakushukuru. Mkiwa watatu agizeni dapanji, asili yake Xinjiang, huko huko kaskazini-magharibi: sinia la kuku wa kukatwakatwa na mifupa yake, viazi, hoho, rojo zito, na mwisho wanaleta tambi pana kama mkanda mnazichanganya na rojo lililobaki. Ina pilipili, wahi kuwaambia.

Ijumaa usishibe asubuhi. Panda metro laini namba 2 ushuke Yuexiu Park, uende msikiti wa Xianxian, ule wenye kaburi ambalo Waislamu wa huko wanalinasibisha na Sa'd bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Enzi zangu, watu wakitoka swala nje kunageuka soko: mikate ya duara ya tanuri inayouzwa na Wauyghur, Waislamu wa Xinjiang, mishikaki ya kondoo inayonyunyiziwa bizari nyembamba juu ya makaa. Mara ya kwanza niliposikia harufu ile nilisimama nikaanza kutafuta pilau iko wapi. Nimezunguka dakika nzima. Pilau haipo, bizari ndiyo ilikuwa kwenye mshikaki.

Hao sisimizi uliowakimbia, ulifanya vyema. Ni tambi na nyama ya nguruwe ya kusaga. Vile vipande vinavyong'ang'ania kwenye tambi ndio sisimizi wenyewe. "Kichwa cha simba" ni madonge ya nguruwe. Lakini inayowanasa Waislamu wengi inaitwa yuxiang, "harufu ya samaki". Hakuna samaki humo. Ni jina la viungo tu, na yuxiang rousi ni nguruwe mtupu. Hata bilinganya za yuxiang mara nyingi zimetupiwa nyama ya kusaga. Mapafu ya mume na mke ni nyama za ndani za ng'ombe na pilipili ya Sichuan, hayo yangekumaliza kwa njia nyingine. Na popote ukiona rou, "nyama", bila kutajwa mnyama, hesabu ni nguruwe. "Sili nguruwe" ni wo bu chi zhurou, ila ukisema hivyo tu hujamzuia mpishi kukaangia mboga mafuta yake. Mafuta yenyewe ni zhuyou, yataje nayo.

MangiWaSpea

Mwanagenzi kasema vizuri, ila kaonyesha mlango mmoja wa nyumba. Mimi kitimoto hatuna ugomvi, kwa hiyo nitaeleza sebule.

Wenye mji wenyewe, Wakantoni, hawali tambi za Lanzhou asubuhi. Wanakwenda "chai ya asubuhi", zaocha. Nenda upande wa Liwan, mitaa ya Shangxiajiu, kuna nyumba za chai za zamani kweli: Tao Tao Ju ni ya 1880, Guangzhou Jiujia ya 1935. Saa moja asubuhi wazee wameshajaa na magazeti yao, na hawaondoki mpaka saa nne. Unalipia chai kwa kichwa, halafu vikapu vya mianzi vinakuja kimoja kimoja vinatoa moshi: vitumbi vya kamba (vidonge vya unga vilivyojazwa kamba wa baharini) ambavyo ngozi yake ni nyembamba unaona mpaka ndani, karatasi laini za unga wa mchele zilizokunjwa na kumwagiwa soya, na miguu ya kuku. Ndiyo, ile ile tunayouziwa Manzese. Wao wanaikaanga, wanailoweka, kisha wanaipika kwa mvuke na maharage meusi mpaka ngozi inavimba na mfupa unautema bila kutafuna. Nilikula vikapu viwili nikamkumbuka muuza miguu wa kwetu, nikaona anatuonea.

Mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili, ndio asante yao. Ukitaka birika lijazwe maji, acha mfuniko umekaa upande. Usiite mtu, usipige kelele, utaona mwenyewe linajazwa.

Ila kwako mama sitakudanganya, kule ni kugumu. Hata vitumbi vya kamba wengine wanachanganya mafuta ya nguruwe ili vilainike, keki ya figili ina soseji ndani, uji wa mchele unaosifiwa ni wa nguruwe na yai jeusi. Labda ukanywe chai na kuangalia watu.

Kitu kimoja kitakufaa: tafuta shuangpi nai, "maziwa ya ngozi mbili", asili yake Shunde hapo jirani. Maziwa ya nyati, ute wa yai na sukari. Yanachemshwa yakatengeneza utandu, yanamwagwa utandu ukabaki, yanachanganywa na ute, yanarudishwa chini ya utandu ule ule, yanapikwa kwa mvuke na utandu wa pili unajitengeneza. Kijiko kinaingia kama kwenye mtindi mzito. Vidonda vyako vitapiga makofi.

Na ukinunua samaki kwenye tangi: bei iliyoandikwa ni kwa jin, sio kilo. Jin moja ni nusu kilo. Nimeona 48, nikachagua dume la kilo moja na nusu, kichwani nahesabu 72. Bili imekuja 144. Nimegomba kwa Kiswahili dakika tano, wakaniletea mzani mezani na samaki mwenyewe ameshaiva.

MamaMapazia

@MangiWaSpea nimecheka mpaka mteja kaniuliza kulikoni.

Swali moja la haraka. Malipo. Mwaka jana kijana alikuwa analipa kwa simu yake, sisi tunamrudishia. Nikiwa peke yangu na noti zangu, nitahudumiwa?

Mwanagenzi_GZ

Noti wanapokea, ila chenji inageuka mradi, na migahawa mingi hata kuagiza unapiga picha ile alama ya mraba iliyobandikwa mezani. Weka Alipay au WeChat, programu zao za kulipia kwa simu, ukiwa bado Dar, unganisha kadi yako ya benki ya Visa au Mastercard, piga picha pasipoti wakuthibitishe. Fanya nyumbani kwa sababu ujumbe wa namba ya siri unakuja kwenye laini yako ya huku. Malipo yasiyozidi yuani 200 hawakukati ada, yakizidi wanakata asilimia 3, kwa hiyo kwa chakula cha mtu mmoja huna hasara.

Na hiyo laini iwashie huduma ya nje ya nchi. Kwa intaneti ya hotelini WhatsApp haifunguki wala Google, na programu yako ya kutafsiri itakufia mkononi mbele ya menyu. Pakua Kichina mapema ifanye kazi bila intaneti.

KontenaMoja

Mimi bado nabeba unga.

MamaMapazia

Wadau, nimerudi juzi, nimelala, sasa niwape ripoti. Gauni halipwayi.

Nilifikia upande wa Zhongda kabisa, nisipoteze muda barabarani. Siku ya kwanza natoka metro ya Lujiang, sijafika hata sokoni, nakiona kibao cha kijani na maandishi yale mawili. Nimelinganisha na simu mara tatu kama mtu anayekagua noti ya elfu kumi. Nikaingia. Nikasema bu yao la. Mama wa pale kajitanda mtandio wa zambarau, kaniangalia, kacheka, karudia yeye kwa sauti jikoni, na bado bakuli likaja na utando mwekundu juu. Kidogo, lakini upo. Nikauengua kwa kijiko, nikala. Usiku tumbo likanikumbusha.

Siku ya pili nikasimama pale pale mbele ya yule kijana wa kuvuta, nikanyoosha mkono juu ya bakuli tupu kama askari wa trafiki. Likaja jeupe. Jamani ile supu. Ni supu ya mapupu ya asubuhi ya kwetu ikiwa imeenda shule: unasikia mfupa, unasikia tangawizi kwa mbali, na ile figili imeiva mpaka imeacha ukali wake wote kwenye maji. Tambi nilichukua nyembamba, zikanishinda kwa vijiti, zinateleza zinarudi ndani zinanirushia supu kwenye buibui. Kuna binti yao mdogo, darasa la tatu hivi, anafanyia kazi za shule meza ya pembeni. Kaja kanionyesha kwa vidole viwili vilivyotanuliwa: kuan. Chukua pana. Tangu siku hiyo nikiingia tu yeye ndiye anayepaza sauti jikoni, "kuan, bu yao la!", na mimi nakaa.

Mayai na nyanya nimekula mara mbili. @Mwanagenzi_GZ, wanatia sukari! Ungeniambia.

Ijumaa nilikwenda Xianxian. Kuna ubaridi mule ndani, miti, makaburi ya zamani, kelele za mji unazisikia kwa mbali kama redio ya jirani. Wanawake wana sehemu yao. Aliyekaa kando yangu alikuwa mama wa Kichina, mzee, hatuna neno hata moja la kupeana zaidi ya salamu aleikum, basi tukashikana mikono muda mrefu kuliko kawaida. Nje mkate nimenunua miwili, mikubwa kama sahani, katikati imechomwa mhuri wa vitobo na juu ufuta. Nilidhani nitabeba mmoja hotelini. Haukufika.

Kosa langu la safari hii: nimeona duka limepanga mabirika makubwa ya shaba, watu wanapita wanakunywa kikombe kimoja wamesimama wanaondoka. Rangi nyeusi, inatoa moshi. Nikasema chai ya rangi hiyo, nikapiga funda kubwa. Mwarobaini! Inaitwa liangcha, dawa ya majani, wanakunywa kutoa joto mwilini. Muuzaji akanipa pipi ya matunda bila kuombwa, nadhani sura yangu iliongea.

Maziwa ya ngozi mbili nimekula siku nne mfululizo. Mangi, Mungu akuzidishie. Samaki wa tangini sikumgusa, nilimuogopea mafuta ya kukaangia na nikaogopa kuanza maelezo marefu kwa vidole. Chai ya asubuhi nilikwenda, nikanywa chai ya maua ya chrysanthemum, nikagonga meza kwa vidole viwili, na safari hii nilisuuza vyombo kama mwenyeji. Mzee wa meza ile (meza mnachangia, hawaulizi) alinisukumia kikapu chake cha miguu ya kuku. Nikamwonyesha kwa mkono siwezi, akakirudisha kwake, akanimiminia chai nyingine.

Na niseme kweli, siku ya saba nilipanda metro hadi Xiaobei nikala ugali. Nilikuwa nimegombana na mwenye kiwanda juu ya rangi ya kitambaa, nikataka kitu kisichonihitaji kufikiri.

@KontenaMoja nilikutana na wenzako wawili kwenye lifti ya hoteli, mfuko wao unanukia dagaa.

Wale mlioniuliza faragha kuhusu mapazia mazito ya kuzuia jua, mzigo uko baharini, bei nitaweka ukishuka. Na kama kuna anayejua hapa Dar pa kupata lile sinia la kuku na tambi pana, lenye kibao cha kijani, tafadhali aniandikie hapa hapa.

Binti_Ilala

Mimi nasubiri jibu hilo pia. Na bei ya mapazia.